Kompyuta Yajikokota: Maswali Ninayoulizwa Dukani, Lamu

Duka langu liko Langoni, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kutwa nzima mtu husimama mlangoni na begi la laptopu, au mvulana hufika na sanduku la kompyuta juu ya punda, na salamu zikiisha swali huwa ni lile lile. Kulijibu kwa mdomo kumenichosha, hasa karibu na adhuhuri, basi nimeliandika. Karibu wote wanaokuja kwangu wana Windows, kwa hiyo majibu ni ya Windows.

Fundi, kompyuta yangu yajikokota. Ina nini?

Bado sijui. Na jirani aliyekwambia "tia RAM tu" (RAM ni kumbukumbu ya muda, inayoshika vitu ulivyofungua) hajui pia.

Kwanza nataka kujua yajikokota vipi. Kama huchukua dakika tano kuwaka na taa ya diski haizimi, nashuku diski, ndiyo ghala la mafaili yako. Kama huwaka vizuri lakini ukifungua WhatsApp, Excel na kurasa kumi za intaneti huganda, nashuku RAM. Ikiwa huanza vizuri, halafu baada ya nusu saa feni hulia na kila kitu hulegea, hilo ni joto. Na kama ni kurasa za intaneti peke yake zinazochelewa, pengine kompyuta haina kosa lolote.

Kisha twatazama, hatubahatishi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bonyeza "More details" pale chini. Utaona safu zenye asilimia: CPU ni prosesa, ubongo wa kompyuta, Memory ni RAM, Disk ni diski. Baada ya kuwasha iache kompyuta itulie dakika kumi, maana Windows ina shughuli zake nyingi mwanzoni na ukiihukumu mapema utaionea. Halafu fungua vitu unavyotumia kila siku na utazame ni safu ipi inayogonga 100. Bonyeza kichwa cha safu hiyo, na programu inayokula zaidi itapanda juu.

Mama mmoja wa Shela mwenye nyumba ya wageni alinijia akiwa ameshauziwa RAM mahali, ameshalipa, ameshatiliwa. Kompyuta ilikuwa vile vile. Tulipotazama, Memory ilikuwa asilimia 30. Hata ile ya zamani ingemtosha. Disk ilikuwa 100 tangu tulipowasha mpaka chai yetu ikapoa.

Nitajuaje kama ni intaneti tu?

Zima waifai, kisha fungua kikokotoo au barua uliyoiandika jana. Ikifunguka papo hapo, kompyuta ni nzima. Nyumba zetu hizi za matumbawe na chokaa zina kuta nene mno, na waifai haizipendi. Ruta iliyo chini ukumbini haifiki kwa nguvu orofa ya juu. Hamisha ruta. Usiniletee kompyuta.

Disk imeganda kwenye 100, haishuki. Ndiyo nini hiyo?

Hapo umefika kwenye kosa ninalolikuta kuliko yote. Kompyuta nyingi za miaka ya nyuma, hasa hizi za mtumba za bei ya chini, zina diski ngumu ya kuzunguka. Nimewahi kuifungua moja iliyokufa nikaiweka mezani ili watu waione. Ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, na mkono mwembamba unaoishia kwenye kichwa kidogo kama punje ya ufuta. Kichwa hicho huelea juu ya sahani bila kuigusa. Watoto hukipenda, wakubwa huuliza kama sahani ni fedha.

Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ni mbio, lakini hebu tupige hesabu: mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kila kompyuta inapotaka kipande cha faili, mkono hauna budi kusogea, kisha ungoje sahani izunguke mpaka kipande kiwe chini yake. Vipande vikiwa vimetawanyika, diski hii kwa kawaida haiokoti hata mia moja kwa sekunde. Windows inapowaka huhitaji maelfu kwa maelfu. Dakika zako huishia hapo, katika mkono unaokwenda na kurudi.

SSD, diski ya kisasa, haina sahani wala mkono, ni chipu tupu. Huokota vipande makumi ya maelfu kwa sekunde. Ile ya SATA, inayoingia mahali pale pale pa diski ya zamani, husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde. Ya kuzunguka hufika kama 100 ikiwa imeamka vizuri. Wauzaji hupenda kutaja hizo 500, lakini faida kubwa zaidi ni kule kuokota vidogo vidogo.

Laptopu ya mwalimu mmoja wa sekondari ilikuwa ikichukua dakika nne na nusu tangu kubonyeza swichi hadi Word ifunguke. Nilipima kwa simu, yeye amesimama. Baada ya SSD, sekunde 31. Prosesa ni ile ile, RAM ni ile ile. Hakusema kitu, aliizima akaiwasha tena mara tatu, kisha akauliza kama naweza kufika shuleni.

Kwa hiyo ukinipa pesa za jambo moja tu na kompyuta yako ina diski ya kuzunguka, nitakutilia SSD na sitasita. Ya gigabaiti 256 huwatosha wengi nyumbani. Kujua unayo ipi, ingia Task Manager, sehemu ya Performance, ubonyeze Disk. Hapo huandikwa HDD, yaani ya kuzunguka, au SSD.

Lakini ngoja. Zile laptopu ndogo za gigabaiti 32 au 64, mara nyingi hifadhi yake ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye bodi. Haitoki. Hizo nazirudisha na pole.

Na kuna diski iliyo 100 kwa sababu inakufa. Ukisikia inagonga tik, tik, tik, au faili likachelewa kufunguka kisha likasema limeharibika, usiendelee kuitumia wala usianze kuisafisha kwa programu. Kila dakika inayozunguka inaweza kuondoka na kitu. Kama bado inawaka, programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma ripoti ya afya ya diski yenyewe. Ikionyesha manjano au nyekundu, toa vitu vyako leo.

Ukibadilisha diski, picha zangu zitapotea?

Kuna njia mbili. Naweza kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye mpya, na utakuta kila kitu mahali pake, hata ile picha ya skrini ya mtoto. Au natia Windows upya, safi, halafu narudisha mafaili yako. Windows ikiwa imekaa miaka sita na imejaa takataka za kila mtoto wa nyumba, mimi huchagua ya pili, maana kunakili huhamisha na uchafu.

Kwa njia zote mbili diski ya zamani siifuti. Narudisha mkononi mwako, na kama bado ni nzima tunaitia kasha la USB iwe ghala. Ila kabla hujatoka nyumbani, vitu usivyoweza kuvipata tena (picha za harusi, hati za shamba, tasnifu) vinakili kwenye flashi au diski nyingine. Siogopi mikono yangu, naogopa stima na bahari. Nimeona begi la laptopu likiteleza kutoka kwenye boti pale Mokowe, gati ya upande wa bara.

RAM ngapi zatosha?

Gigabaiti 4 leo ni kidogo. Windows yenyewe na walinzi wake huchukua karibu nusu, kivinjari hubeba iliyobaki. Kwa kazi za nyumbani 8 zatosha. Anayehariri video za harusi na atie 16.

Sasa angalia hapa, maana ndipo watu wanapokosea. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha. Diski ikiwa ya kuzunguka, nayo itagonga 100. Kwa hiyo ukiona Disk 100, tazama na Memory pembeni. Kama nayo iko 90 na zaidi, una shida mbili zilizoshikana mikono, na kutibu moja hakutatosha.

Usinunue RAM kabla ya kufungua mashine au kusoma aina yake. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo la kati halikai mahali pamoja, na nimeona aliyelazimisha kwa kidole gumba. Tena tazama Settings, System, About: ikiandikwa "32-bit operating system", Windows hiyo ya nyumbani haitatumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiitilia 16. Hapo lazima Windows ibadilishwe kwanza.

Sanduku moja (watu huliita sipiyu, na mimi nimeacha kubishana) lilitoka Faza kwa boti, ndani ya gunia, chini ya samaki wakavu. Lilikuwa na gigabaiti 8 lakini likionyesha 4. RAM moja ilikuwa imechomoka kidogo kwa mitikisiko. Nilibonyeza, ikalia "tak", kazi ikaisha. Harufu ilibaki siku mbili.

Mbona huwa na-refresh na bado?

Kubonyeza kitufe cha kulia na kuchagua Refresh huchora upya vialama vya kwenye skrini, basi. Hakuongezi kasi hata chembe. Ni kama kutikisa tasbihi ukadhani umeshasoma.

Naizima kila usiku. Kwa nini asubuhi yaanza na uzito wa jana?

Kwa sababu haizimiki kabisa. Tangu Windows 8 kuna kitu kiitwacho Fast Startup: ukichagua Shut down, Windows huhifadhi kiini chake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Kosa lililokuwamo jana laweza kuamka nacho. Anayeanza upya kweli ni Restart. Ingia Task Manager, Performance, CPU, utazame "Up time", muda tangu ianze upya. Mzee mmoja aliyeniapia kuwa huizima kila siku baada ya habari, tulikuta siku 43. Hakuwa mwongo.

Ukiwa hapo hapo, fungua "Startup apps". Hizo ni programu zinazojiwasha bila kuitwa. Zima za muziki, za mikutano, na ile ya printa uliyoitupa zamani. Kinga ya virusi na vya sauti viache. Kuzima hapa hakufuti programu. Ukiihitaji utaifungua mwenyewe.

Yapata moto na feni yapiga kelele. Ni kawaida kwa joto letu hili?

Joto letu linachangia, lakini lisilipishwe kila kosa.

Prosesa ikifanya kazi hutoa joto. Bomba la shaba hulipeleka kwenye mapezi membamba, na feni hupuliza hewa ipite katikati ya mapezi. Feni haina baridi yake, hupuliza hewa ile ile ya chumbani. Mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa tatu, upepo umekufa na chumba kina nyuzi 32, tayari imeanza safari ikiwa nyuma. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo karibu na nyuzi 100, na zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Basi hiyo ndiyo nusu saa yako: mwanzo mbio, kisha mwendo wa konokono.

Kwetu hapa kinachoziba mapezi si vumbi peke yake. Upepo wa bahari huja na chumvi, chumvi huvuta unyevu, na vumbi la chokaa likikutana na vyote viwili hushikana kama ukoko wa sufuria. Juu yake tandika manyoya ya paka. Lamu ni mji wa paka, na paka hana mahali pazuri zaidi ya laptopu yenye vuguvugu. Juzi niliitoa feni ya laptopu ya binti mmoja wa Mkomani, nyuma yake mlikuwa na kitu kama kipande cha zulia, nikakichambua kwa kibano kikatoka kizima: upande mmoja kijivu, upande mmoja rangi ya paka wao. Alimtambua. Baada ya kusafisha na kubadilisha dawa ya joto iliyo juu ya prosesa (ilikuwa imekauka ikawa unga), ile ile kazi iliyokuwa ikifika nyuzi 97 ikakaa 74.

Halafu kuna zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu. Naelewa, ni pazuri. Kompyuta ikae ndani ya kidaka, kitambaa cha kufuma juu yake, ua la plastiki pembeni. Lakini kidaka ni ukuta pande tatu, hewa ya moto ikitoka hugonga jiwe na kurudi kuvutwa tena. Nyumba moja ya wageni niliyoitwa mara mbili kwa kosa hilo hilo, dawa ilikuwa kuhamishia kompyuta mezani. Sikuwalipisha mara ya pili, niliona haya.

Na kitanda. Laptopu nyingi huvuta hewa kutoka chini. Ukiiweka juu ya godoro au mto umeiziba pua. Tia ubao au sinia chini yake.

Naweza kusafisha mwenyewe?

Sanduku la mezani, ndiyo. Chomoa waya wote, litoe nje barazani, fungua ubavu, pulizia hewa ya kopo au pampu ya umeme ya kupulizia. Feni ishike kwa kidole isizunguke. Upepo wa pampu waweza kuizungusha kupita kiasi ikaharibika. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji, na maji yako yana chumvi pia.

RAM ikiwa na weusi kwenye meno yake ya dhahabu, ifute taratibu kwa raba safi ya penseli, uondoe vumbi lake, uirudishe. Dawa hii ya kijinga imewasha kompyuta nyingi zilizodhaniwa zimekufa.

Laptopu, kama hujawahi kufungua, iache. Nyaya za kibodi ni bapa kama utepe, na kifungo chake huvunjika kwa ukucha. Na isiyotumika isikae kabatini miezi: iwashe mara moja kwa wiki, joto lake dogo hufukuza unyevu.

Stima inayopanda na kushuka yaweza kuipunguza kasi?

Moja kwa moja, hapana. Lakini stima ikikatika wakati diski inaandika, faili hubaki nusu, na Windows yenye mafaili nusu nusu hujikokota na kuganda. Sanduku la mezani litafutie UPS, betri ya akiba. Laptopu ina UPS yake ndani, ndiyo betri. Nashangaa wanaoitoa betri "isichakae" na kutumia chaja peke yake. Kila stima ikikatika wameanguka. Na usichomeke kompyuta soketi moja na friji.

Chaja ndiyo habari yenyewe. Kuna laptopu zinazoitambua chaja yake, na zikichomekwa ya bandia zisiyoitambua, hushusha prosesa mpaka chini kabisa. Kijana mmoja alikuwa tayari kuiuza yake kwa bei ya kutupa. Nilifungua Task Manager, sehemu ya CPU, nikaona "Speed" imeganda kwenye 0.79 GHz, haipandi wala haishuki hata ukifungua nini. Nikachomoa chaja aliyoinunua njiani, nikatia ya kwangu ya asili. Ikaruka hadi 2.9. Alinyamaza, kisha akasema, "Fundi, usimwambie baba."

Huenda ni virusi?

Huenda, lakini mara chache kuliko watu wanavyodhani. Dalili ninazozitilia maanani ni prosesa kufanya kazi kubwa wakati hujafungua chochote, matangazo yanayotokea yenyewe pembeni ya skrini, na mafaili ya flashi yaliyogeuka yote kuwa njia za mkato. Flashi hizo mara nyingi zimetoka mahali pa kuchapishia karatasi.

Ila hayo matangazo ya pembeni, tisa kwa kumi si virusi. Ni tovuti uliyoikubalia kukutumia arifa siku moja ulipokuwa na haraka. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, uifute.

Kinga iliyomo ndani ya Windows yatosha nyumbani. Ukitia kinga mbili, zote hukagua faili moja kwa wakati mmoja na zinagombana; nimeziona tatu. Programu za "kuongeza kasi" na "kusafisha kompyuta" ziache kabisa, nyingi zenyewe ndizo mzigo. Na vifungua-leseni vya kuiba Windows na Office: unayepewa bure na mtu usiyemjua, jiulize yeye analipwaje. Baadhi huacha ndani programu inayochimba sarafu za mtandaoni kwa stima yako.

Diski imejaa. Nifute nini?

Vitu vyako, si vya Windows. Anza na Downloads, huko ndiko kwenye filamu uliyoiona mara moja na PDF ile ile mara saba. Kisha Settings, System, Storage, "Temporary files". Acha wazi angalau sehemu moja katika kumi, SSD iliyojaa hadi shingoni nayo huchoka. Folda ya Windows uiguse kama unavyogusa waya wa stima.

Bando huisha na kompyuta haifanyi chochote. Yahusiana?

Yahusiana sana. Windows inapakua masasisho kimya kimya, na wakati huo diski na prosesa zina kazi. Kama watumia bando la simu, ingia mipangilio ya waifai hiyo na uwashe "Metered connection"; itapunguza upakuaji wa nyuma. Lakini usizime masasisho milele. Siku ukiwa mahali penye waifai isiyohesabiwa, iache ikamilishe, kisha Restart.

Windows 10 imekwisha. Lazima nihamie 11?

Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuwa nzito siku hiyo, yawaka kama zamani. Kilichokatika ni kuzibwa kwa matundu ya usalama. Upo mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na hujiandikisha ndani ya Settings.

Windows 11 yataka RAM ya gigabaiti 4, hifadhi ya 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel ni prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache. Kuna mafundi wanaolazimisha kwenye mashine za zamani. Mimi nimeacha, kwa sababu mteja hurudi na lawama huwa ni zangu. Na usiihamishe mashine ya diski ya kuzunguka kwenda 11 ukitarajia mbio. Utalia.

Mashine yangu ni ya zamani kabisa. Niitupe?

Kama kazi yako ni kuandika, barua pepe, kutazama mawaidha na watoto kufanya kazi za shule, jaribu Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows. Ni bure, huhitaji gigabaiti 2 za RAM (4 ni raha zaidi), na unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, uionje kwanza. LibreOffice iliyomo hufungua mafaili ya Word. Ami yangu aitumia mwaka wa pili sasa na bado aiita Windows, simsahihishi. Ila kama kazini kwako mnatumia Excel zenye makro, baki ulipo.

Nataka kununua nyingine ya mtumba. Nitazame nini?

Namba ya prosesa. Katika i5-4300U, ile 4 ya mwanzo ni kizazi cha nne. I5-8250U ni cha nane. I5-10210U ni cha kumi. "Core i5" peke yake haisemi kitu, muuzaji akiishia hapo muulize namba yote. Kisha SSD, kisha RAM 8. Iwashe uitumie nusu saa dukani, usikilize feni. Nyingi hutoka Mombasa, na kurudisha kosa si safari ya kwenda Mkunguni, uwanja wetu wa hapa mjini, na kurudi.

Nikija kwako nibebe nini?

Chaja yako, hiyo hiyo unayotumia kila siku. Neno la siri, au uje mwenyewe. Ukiwa na namba ulizoziona kwenye Task Manager, zipige picha kwa simu. Kusafisha na kuondoa mizigo hukamilika siku hiyo hiyo. SSD nikiwa nayo dukani ni kesho, isipokuwepo twangoja mzigo uvuke kutoka Mokowe. Ijumaa nafunga saa tano unusu. Na sanduku likija kwa punda, lilaze chali na godoro chini, si ndani ya gunia.